Mwanaume mwenye haleti tena bunga ku nyumba, angali mwanaume? (uzi murefu, bana Lubum, yaani Lubumbashi, na bengine mukuye)

mwana_katuba

Jambo bakwetu. Huu uzi nimeanza kuuandika ku telefone tangu siku ya tatu, naandika nafuta, naandika nafuta, leo nautuma vile uko. Mwenye kuchoka asome nusu arudi kesho.

Njo miezi munane sasa niko bila kazi. Nilikuwa naendesha kamio mu kampuni moya ya sutretansi (yenye inafanyiaka makampuni makubwa kazi), jina naacha, tulikuwa tunabeba mawe ya shaba, kontra ikaisha, asubui moya baliita bantu karibu makumi tatu bakatuambia murudishe bijile na bakofia, basi. Bibi yangu anaendaka Kasumbalesa, ku mupaka wa Zambia, mara mbili mu juma, karibu kilometa 90 kwenda tu, anarudi na bunga, mafuta, savoni, anauzisha ku soko ya Kenya, ile komini ya hapa Lubum. Feza ya kupanga nyumba, feza ya masomo ya bana, makala, umeme kama iko, yote sasa inatoka mu kile kitambaa anafungaka ku kiuno. Miye nabakia na bana. Saa kumi na moya nawasha mbabula (jiko ya makala), natia maji, namuamsha wa kwanza, namuamsha wa pili, wa tatu anaamuka mwenyewe juu anasikia harufu ya chai. Nabasindikiza ku masomo, narudi, nafagia, nafua. Siku ya kufua mablanketi mikono inaniuma kuliko siku yoyote ya volanti. Mangaribi napika bukari (ugali).

Siku ya mungu ile imepita tulikuwa ku kilio, Kamalondo. Wanaume tumekaa upande yetu chini ya turubai, yaya (kaka mukubwa) mumoya wa familia, muntu namuheshimu toka utoto, akanitazama mbele ya bote akasema: "Weye hauko tena mwanaume. Uko boyi ya bibi yako." Bantu bakacheka. Na miye nikacheka, juu nilikosa ya kufanya. Lakini nilirudi ku nyumba na ile neno na mupaka leo iko mu kichwa.

Basi tuianze na hiyo neno yenyewe. Babu yangu, baba ya mama, alikuwa boyi ya kweli, hapa hapa wakati muji ungali unaitwa Elisabethville. Boyi mu ile wakati alikuwa mwanaume. Alikuwa anapikia muzungu, anapasi mashimizi na pasi ya makala, anaosha bana ya muzungu, anatandika kitanda. Na akirudia mu kijiji na kinga yake (baiskeli) na suruali ya kaki, bote banatoka inje kumusalimia, mukubwa amefika. Hakuna muntu alimuambia hauko mwanaume. Kupika kwa feza mu nyumba ya mungine ilikuwa kazi, sasa kupikia bana niliozaa miye mwenyewe njo imekuwa haya? Nani alipanga ile hesabu?

Miye nafikiri najua nani alipanga, na njo sababu ya uzi huu.

Tunasemaka "desturi ya bankambo", kama vile mwanaume kuleta bunga na mwanamuke kungojea bunga ilitoka kwa bankambo. Haikutoka kule. Muulize muzee yeyote wa kijiji ya huku kwetu: mwanaume alikuwa anakata miti, anajenga, anawinda, anavua samaki, anafungula shamba. Mwenye kulima, kuvuna, kutwanga na kulisha nyumba alikuwa mama. Gala ya chakula ilikuwa ya mama. Mwanaume mwenye kugombana na bibi yake alikuwa analala njaa, si kinyume.

Kilichobadilisha ni shimini, ile ya kiwanda ya shaba. Union Minière, kampuni ya Babelgiji ya kuchimba shaba, ilianza 1906, muji ukaanza 1910, na kwa miaka ya kwanza walikuwa banachukua banaume kwa kontra ya miezi, banakuja peke yao, banakufa mingi, bengine banakimbia. Kumbe hiyo ilikuwa inabakulia feza mingi. Mwisho-mwisho ya miaka ya 1920 bakabadilisha mupango: mwanaume akuje na bibi yake, akae miaka, azae mu kampi, na bana batakuwa bafanyakazi ya kesho. Njo nyumba ya kampuni ikatoka, dispansere, masomo, na posho, yaani bunga na byakula vyenye vilikuwa vinapimwa kufwatana na bibi na bana muko nabo. Mama alikuwa na shamba yake mu kijiji, sasa amefika mu kampi hana kitu, jina yake iko ku karte ya bwana. Bakamufungulia na foyer (nyumba ya mafunzo ya bamama) ya kumufundisha kushona na kupanga meza. Kampuni zingine za Katanga zikaiga. Mwaka 1967 serikali ikachukua, ikakuwa Gécamines badaye, lakini ile mupango ikabakia ileile. Ile "mwanaume wa kweli" tunalindaka na meno, umri yake ni karibu miaka mia moya tu, na alizaliwa ku biro.

Na alikufa tukiwa tunaangalia. Miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa shaba kupita tani 400,000 kwa mwaka. Septemba 1990 Kamoto, shimo yake kubwa ya kuchimba, ikaanguka. 1991 uporaji mu miji. 1992 na 1993 ile kufukuzwa mu Katanga kwa bantu ya Kasai, jirani zetu, banaume baliojua mashini wakalala ku gare na bibi na bana. Katikati ya ile miaka shaba ikawa haifiki hata tani 50,000. Halafu 2003 ikaja ile ya kuacha kazi kwa hiari, "depari volonteri", na feza ya Benki ya Dunia, bafanyakazi kupita 10,000 wakasaini wakatoka. Fikirieni hiyo: banaume elfu kumi na familia zao, mu miji mitatu mine, banakosa kwa pamoja ile kitu moya ilikuwa inabaita baba.

Baba yangu hakuwa ku Gécamines, alikuwa mu kampuni ingine ndogo, hiyo pia jina naacha. Lakini ilikuwa mtindo uleule. Nakumbuka niko mudogo, baba anaingia mu parsele na mufuko ya bunga ku bega, mavumbi nyeupe ku shingo, na siye bana tunamukimbilia. Njo picha ya baba niko nayo. Mu miaka ya 90 mushaara ikaanza kukawia, mwezi, miezi mitatu, mwaka. Baba aliendelea kuamka, kuvaa salopeti, kwenda. Kila siku. Anarudi saa kumi, anakaa ku kiti, hasemi. Mama alianza kukaanga vitumbula saa tisa ya usiku, nalala nasikia mafuta inalia, asubui anabeba beseni ku kichwa anaenda ku arete ya bisi. Siku ya kulipa masomo lakini alikuwa baba. Anavaa shimizi nyeupe, ananishika mukono, tunaenda pamoja mupaka ku biro ya mudirekteri, anatoa feza mu mufuko ya mbele ya shimizi, anahesabu polepole. Sikujiulizaka siku moya ile feza inatoka wapi.

Basi njo swali yangu, na naomba mujibu bila kutukana. Baba yangu mu ile miaka alikuwa mwanaume ao hapana? Na miye leo?

mukubwa_kampemba

Muloko (mudogo) wangu, nimesoma yote na nakuheshimu juu umesema bila kujificha. Lakini nitakuambia kama mukubwa. Kufagia si shida. Shida ni kuzoea. Mwezi wa munane! Mwanaume akikosa kazi, kazi yake inakuwa kutafuta kazi. Atoke asubui, akae ku rompuanti (kwenye barabara zinazunguka), aonekane, ashike hata manseba (pikipiki ya kubeba bantu) ya muntu aendeshe kwa siku. Ukikaa mu jikoni nani atakuona? Na bana beko banakutazama. Mutoto mwanaume akikuwa anaona baba anafua nguo za mama, kesho atajifunza nini?

Historia yako ni nzuri lakini mbele ya Union Minière kulikuwa Mungu, na Maandiko yanasema mume ni kichwa cha muke. Na sheria ya inchi inasema vilevile, bwana njo shefu wa nyumba. Sasa shefu gani anaomba feza ya savoni?

Sikusemi vibaya. Miye mwenyewe nilikosa kazi 2009, shaba ilianguka bei, bakatufukuza bengi. Nilitoka kila siku kwa mwaka muzima. Bibi yangu hakuniona siku moya nimekaa.

mwana_katuba

Mukubwa asante, na nakujibu kwa heshima. Natafuta kazi. Nikiisha kupeleka bana ku masomo natembeza barua, nimefika mupaka ku barabara ya Likasi. Lakini saa sita mutoto mudogo anatoka ku masomo, na bibi yangu iko mu kamio ya Kasumbalesa. Nani atamupokea? Nikikaa ku rompuanti nionekane, nitaonekana na nani?

Juu ya sheria, uko sawa nusu. Code de la famille (sheria ya familia) ya tarehe 1 Agosti 1987 ilisema bwana ni shefu wa nyumba na bibi anapashwa kumutii, na ilikuwa inamukataza bibi kufanya mambo mingi ya sheria bila ruhusa ya bwana, kusaini kontra, kwenda mu tribinali. Lakini 15 Julai 2016 baliibadilisha. Ile ruhusa ya bwana baliitoa, sasa bibi na bwana banapashwa kusikilizana. Neno "shefu" ilibakia, kweli. Miye siko na shida na ile neno. Nauliza tu, shefu wa nyumba yenye iko na bana batatu, saa sita ya muchana, mama haiko, kazi yake ni ipi? Miye nilifikiri kazi ya shefu ni kuona bantu yake bamekula.

Na ile ya kutoka kila siku mwaka muzima, yaya, nakuuliza bila kukuzarau: ulikuwa unaenda wapi?

mama_kasumbalesa

Naomba na miye niseme juu naona banaume munaongea juu yetu kama vile hatusomake.

Mwana_katuba, kwanza usijisifu sana na ile mbabula. Miye nimewasha mbabula miaka 22 na hakuna muntu alinifungulia uzi. Nakuambia vile kwa mapendo, juu naona roho yako iko nzuri. Bibi yako anatoka Kasumbalesa migongo imekufa, amesukumwa ku mupaka, amelipa huyu na huyu na huyu, bengine hata hana reçu yao, mifuko imepasuka bunga imemwangika. Akifika akute bukari iko moto na bana bameoga, yule mama analala. Siye bengine tunafika saa mbili ya usiku tunaanza kutafuta makala.

Bwana yangu alikosa kazi 2015. Mwaka wa kwanza alikuwa anatafuta. Mwaka wa pili akaanza kukaa ku munganda (baa), kwanza bia ya Simba, kiisha lutuku, ile pombe kali ya kienyeji. Hakunipiga, namshukuru Mungu, lakini alinyamaza. Mwanaume mwenye kunyamaza mu nyumba ni muzito kuliko mufuko wowote. Nilikuwa nafanya hivi: usiku akilala, natwaa feza ya nyumba, nahesabu, natia mu mufuko ya koti yake. Asubui sisemi kitu. Mwenye nyumba akikuja, anamuita bwana, bwana anatia mukono mu mufuko anamulipa. Bana bakiomba kayé (daftari), nabaambia muende kwa papa. Miaka minne nilifanya vile, hatukuzungumuza hata siku moya, yeye alijua na miye nilijua.

Sijui kama nilifanya vizuri. Bashoga yangu ba likelemba (kikundi ya kuchangishana feza) bengi banafanya vile, tuliambizana siku moya tukalia. Tulikuwa tunalinda heshima yao, lakini na siye tulikuwa tunachoka mara mbili, mara ya kutafuta feza na mara ya kuificha kama ni yetu. Mukubwa_kampemba unasema bibi yako hakukuona umekaa. Muulize ile mwaka mulikuwa munakula na feza ya nani.

dereva_tunduma

Wakuu habari zenu, mimi Mtanzania, dereva wa masafa, Dar, Tunduma, Nakonde, Kasumbalesa mpaka Lubumbashi kwenu, huu uzi nimeusoma nikiwa foleni na nimeona niseme kitu.

Kwetu mwanaume akilishwa na mwanamke anaitwa marioo, akionekana jikoni wanasema kalishwa limbwata. Sasa njooni muone foleni ya malori hapa mpakani. Siku nne, siku saba, wanaume watupu. Kila mtu ana jiko lake chini ya trela, tunasonga ugali, tunachambua mboga, tunafua nguo tunaanika kwenye vioo, kuna mzee mmoja anapika maharage mpaka madereva wa Zambia wanakuja kuomba. Hakuna hata mmoja anayesema huyu si mwanaume. Lakini mimi nikifika nyumbani siwezi kushika mwiko, mama mkwe yupo, majirani wapo, wife mwenyewe atasema unanitia aibu toka huko. Nakaa kwenye kochi nasubiri kuletewa, na kupika najua, tena napika vizuri.

Mwaka jana mke alijifungua kwa upasuaji. Wiki mbili nilipika na kufua usiku, milango imefungwa, nguo za mtoto naanika ndani ili watu wasione. Nilikuwa naona naiba. Kaka mwana_katuba, wewe unafua mchana uani. Mimi sijafika huko bado.

mwana_kasulo

Kolwezi hapa. Creuseur (muchimbaji wa mikono) tangu 2014, toka ile wakati cobalt ilitokea chini ya manyumba ya Kasulo, bantu banachimba mu chumba ya kulala.

Huku ku shimo, mwanamuke akikaribia mulango ya shimo bantu banapiga makelele, banasema madini itakimbia. Bamama bako pale ku maji, banaosha mawe, banachagula, mugongo siku muzima mu jua, lakini feza ya kwanza inaenda kwa mwenye alishuka. Siye tunashuka. Njo uanaume ya huku, kushuka. Mwenye kuogopa bakwabo banamucheka mupaka anashuka. Nimetoa bakwetu babili mu udongo na mikono yangu. Hakuna mwenye alikuwa anataka kushuka ile siku, mvua ilikuwa imenyesha, lakini nani aseme kwanza?

Feza ikitoka tunaikula kwa juma moya. Iko aibu kurudi na feza ku nyumba bila kuonyesha bakwenu. Bibi yangu aliacha kuningojea, ameanza kuuzisha munkoyo (kinywaji ya kienyeji) na bitoyo (samaki ya chumvi), njo inalipa masomo. Nilikuwa nakasirika. Nikisoma ile ya koti hapa juu, sasa sijui nifikiri nini.

mwalimu_wa_kadutu

Bukavu hapa. Nitasema kidogo. Huku kila juma kuna semina ya "masculinité positive", yaani uanaume muzuri. Daktari Mukwege, mwenye anatibu hapa Bukavu bamama baliobakwa, toka mbele hata ya kupewa Nobel ya amani 2018, anasemaga kama vita juu ya bamama haiwezi kuisha banaume bakinyamaza. Tarehe 25 Novemba 2021 bamarais ba Afrika balikutana Kinshasa juu ya ile ile kitu, bakatoa na tangazo. Ni vizuri. Na 2024 tukapata waziri mkuu mwanamuke wa kwanza, mama Judith Suminwa.

Lakini mu darasa yangu niliuliza bana ba kiume, miaka kumi na mbili, kumi na tatu: nani alipika jana? Mikono tatu ilipanda, na yote ilishuka mara moja bengine walipogeuka kutazama. Mutoto mumoja alikuja kuniona nyuma ya masomo, akaniambia mwalimu, miye napikaka kila siku, mama ni mugonjwa, usiwaambie. Mukubwa_kampemba anauliza mutoto atajifunza nini. Huyu alikwisha kujifunza, na alijifunza pia kuficha.

chukudu_goma

Salamu kutoka Goma. Huku siye tuko na sanamu ya chukudu (kinga ya mbao ya kubeba muzigo) katikati ya muji, mwanaume anasukuma muzigo, rangi ya zahabu. Baba yangu alisukuma chukudu toka Kibumba, viazi, makabichi, mbao, kilo mingi sana, anateremuka na kisigino ndjo frein. Ile sanamu nikiionaka namwona yeye. Sikatai, iko kitu ya kupenda mu ile nguvu.

Lakini ona. Mwisho ya Januari 2025 vita iliingia mu muji, banki zikafunga, banaume wa mushaara bakakuwa sawa na siye wa siku kwa siku. Na bamama? Bamama walivuka petite barrière, ule mupaka na Rwanda, hata na ile hali, asubui kwenda Gisenyi, mangaribi kurudi na tomati. Mu makampi ya bakimbizi, mbele ya kuvunjwa, byakula bikigawanywa, jina yenye inaandikwa mara mingi ni ya mama. Mwanaume anakaa inje ya hema, hana shamba, hana ngombe, hana silaha, hata akiwa na silaha ni hatari. Bengi bakageuza ile uchungu ku bibi. Tusifiche, bamama balipigwa sana mu zile hema, na haikuwa tu na askari.

Miye niliingia mu kikundi moja ya Living Peace, ni vikundi vya banaume, vilianza huku Kivu tangu nyuma ya 2012. Munakaa banaume kumi na kitu, juma baada ya juma, hakuna mwenye kufundisha sana. Siku ya kwanza muntu anaulizwa: mara ya mwisho ulilia ni wakati gani? Tulikaa kimya karibu nusu saa. Halafu muzee mumoja akasema, 2002, volkano ilipokula nyumba yangu. Akaanza kulia paka pale, miaka yote ile. Kisha yule muzee ndjo tulianza kusema.

Sina jibu ya swali yako, lakini ile ya kuuliza mbele ya bantu bengine, endelea.

mukubwa_kampemba

Nimekaa siku mbili sikujibu.

Muliniuliza nilikuwa naenda wapi 2009. Nilikuwa naenda ku stade ya Kenya, nakaa ku kivuli na bengine kama miye, mupaka saa tisa. Mwezi wa kwanza tulikuwa tunatafuta kazi kweli. Kiisha tulikuwa tunakaa tu. Tulikuwa tumeshafahamiana, hakuna aliyekuwa anauliza mwenzake habari ya kazi.

Bibi yangu alikuwa anauza makala. Nimemuuliza jana kama alijua. Amesema alijua toka juma la tatu, juu viatu vyangu havikuwa vinapata vumbi ya mbali.

Juu ya Maandiko sibadilishi, mume ni kichwa. Lakini mwana_katuba, ile ya kusema utoke uonekane, hiyo naiondoa. Kama mutoto anatoka ku masomo saa sita, umungojee.

mwana_katuba

Yaya, asante. Sina ya kuongeza juu ya ile ya viatu.

Bote asanteni. Mwana_kasulo, ukitaka tuzungumuze inje ya hapa, niandikie. Dereva, siku ukipita Lubum na bibi yangu iko Kasumbalesa, kuya ule bukari ku nyumba, muchana, uani, na mulango wazi.

Jana mangaribi nilienda Katuba kwa baba. Sasa iko na miaka 76, macho inaona kidogo, kwa hiyo nilimusomea uzi yote, toka juu mupaka ile ya viatu, nikaruka tu mahali kidogo kwenye nilisikia haya. Alikuwa amekaa ku kile kiti yake. Nikifika ku mama_kasumbalesa na ile ya koti, akanyanyua mukono: rudilia. Nikarudilia. Tena? Nikarudilia mara ya tatu.

Akasema, ile feza ya masomo yenu ilikuwa ya mama yenu. Alikuwa anaitia mu shimizi usiku. Miye nilikuwa macho, nilikuwa nasikia mukono yake, nalala vile vile.

Nikamuambia baba, hapana shida. Akasema ngoja sijamaliza. Ile ya mwanzo uliyoandika, bunga ku bega. Nani alikuambia ile? Nikamuambia naikumbuka, mavumbi ku shingo yako. Akatikisa kichwa. Akasema siku ya posho miye nilikuwa ku kazi, siku ya posho ilikuwa kazi kama siku zingine. Mama yenu njo alikuwa anaenda ku dipo na karte yangu, anapanga mulolongo toka asubui na bamama bengine, na anabeba mufuko ku kichwa na weye ku mugongo. Mavumbi ilikuwa ku shingo yake. Miye nilikuwa nakuta bunga imekwisha fika.

Mama alikufa 2011, sina wa kuuliza. Tukakaa. Kiisha baba akauliza bukari ya bana leo ni na nini, nikamuambia na matembele, akasema bibi yako anarudi saa ngapi, nikasema saa mbili kama barabara ni nzuri, akasema basi enda, usimukawishie.

Ile ya bunga ku bega kule juu naiacha vile niliandika.